Kliniki ya mapafu ya Alhamisi: nyota nne, ya tano ilipotelea dirishani

Hospitali sitaitaja jina. Mama bado anatibiwa pale, na maneno ya mtandaoni yana miguu, sitaki siku moja sista amwulize, "Kumbe wewe ndiye mamake yule aliyetuandika?" Nitasema tu ni hospitali kubwa ya hapa Nairobi, kliniki yake ya saratani ya mapafu huwa Alhamisi, na sisi ni wateja wake tangu Agosti 2024. Naipa nyota nne kati ya tano. Mwanzo nilikuwa nimeandika tatu, dada yangu akasoma akaniambia nina roho mbaya.

Mimi ni fundi wa simu, Luthuli Avenue, mwaka wa kumi na nne sasa. Mteja akileta simu isiyowaka, fundi kanjanja hubadilisha betri papo hapo. Ikikataa, anabadilisha soketi ya chaji. Ikikataa tena, anasema ni skrini. Umeshalipa mara tatu na simu bado maiti. Fundi anayejua kazi hushika mita kwanza, apime umeme unaishia wapi. Mama alipita mikononi mwa makanjanja miezi mitano kabla ya kufika kwa wenye mita.

Kikohozi kilimwanza Ramadhani ya 2024, kikavu, cha usiku. Ana miaka 63, mzaliwa wa Majengo, Pumwani, na kwa zaidi ya miaka 30 amekuwa akikaanga mahamri kila alfajiri kwa jiko la makaa, kwenye chumba kidogo cha jiko kisicho na dirisha. Sigara hajawahi kuigusa, na marehemu Baba hakuvuta. Kwa hiyo neno kansa halikumpitia mtu kichwani. Zahanati ya mtaani ikampa dawa ya maji, kisha antibayotiki, kisha antibayotiki kali zaidi. Mwezi wa tano akapigwa eksirei, kikaonekana kivuli pafu la kulia. Makohozi yakapimwa kwa mashine ya GeneXpert, majibu yakasema hayana TB. Akaanzishiwa dawa za TB hivyo hivyo.

Siwalaumu kwa kuwaza TB. Mji huu una TB, na kwenye eksirei kivuli cha TB na cha saratani wanaweza kuwa mapacha. Tena wapo wagonjwa wa TB ambao makohozi yao hutoka safi. Ninacholaumu ni kwamba hakuna aliyetuambia, "Asipopata nafuu baada ya wiki kadhaa, mrudisheni apigwe siti skeni." Tukaambiwa tu amalize miezi sita. Mkojo ukawa rangi ya machungwa, uzito ukashuka kilo tisa, gauni la Idi likawa linamning'inia kama limeanikwa. Mwisho wa Julai hakuweza tena kulala chali. Alikuwa analala ameketi, ameegemea ukuta, mto kifuani.

Hapo ndipo dada yangu akakataa kusikiliza mtu, akaita teksi.

Kitu cha kwanza kilichonifanya niipende hospitali hii hakikuwa mashine. Daktari wa kifua, kijana tu, alimketisha Mama ukingoni mwa kitanda akamgonga mgongoni kwa vidole, tu tu tu, akishuka. Upande wa kushoto uliitika kama ngoma. Wa kulia, kuanzia katikati kwenda chini, uliitika kama gunia la unga. Akasema, "Hapa kuna maji," kabla ya kuagiza picha yoyote. Picha ikaja ikamuunga mkono. Jioni ile wakamtoa lita moja na robo ya majimaji ya rangi ya chai ya mkandaa, taratibu, kwa sindano na mpira. Hawakuyatoa yote kwa mkupuo. Alinieleza kwamba pafu lililobanwa muda mrefu likiachiwa ghafla linaweza kuvimba. Usiku huo Mama alilala chali kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Mimi nilikaa kwenye kiti nikimsikiliza anavyokoroma, na sijawahi kufurahia kukoroma kwa mtu namna ile.

Maji yale yakapelekwa maabara. Majibu: seli za kutiliwa shaka, lakini chache mno, hatuwezi kusema. Nilikasirika. Leo nakasirika kidogo zaidi nikikumbuka nilivyokasirika, maana lile jibu la "hatuwezi kusema" lilikuwa la kwanza la ukweli tulilopewa tangu Ramadhani.

Siti skeni ikaonyesha uvimbe wa sentimita nne chini ya pafu la kulia, pembeni, karibu na mbavu. Hapo nikajifunza kwamba njia ya kuchukua nyama hutegemea uvimbe ulipo. Ukiwa karibu na njia kuu za hewa, wanashusha mpira mwembamba wenye kamera kupitia puani au mdomoni, wenyewe wanaita bronkoskopi. Ukiwa pembeni kama wa Mama, wanapitisha sindano katikati ya mbavu, mgonjwa akiwa ndani ya mashine ya skeni ili waone ncha inapokwenda. Walitueleza hatari yake wazi: hewa inaweza kuvuja na pafu likanywea. Ndiyo maana baada ya sindano alilazwa kwa muda wa saa nne, akapigwa eksirei nyingine, ndipo akaruhusiwa kunywa uji.

Sista alitoka na kichupa, nikamwomba nione. Akakiinua dirishani. Ndani ya dawa mlikuwa na vinyuzi vitatu vyeupe, vyembamba kama tambi za futari, kila kimoja hakifiki urefu wa ukucha wa kidole kidogo. Nikamwuliza, "Ni hivi tu?" Akasema, "Vikitosha ni vingi." Nimefanya kazi na skrubu ndogo kuliko hizo maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuona kitu kidogo kikibeba mtu mzima.

Kuhusu vinyuzi hivyo ndiko hasa ninakotaka kukaa, kwa sababu nimekutana na familia nyingi kwenye benchi la Alhamisi ambazo hazijui vyao viko wapi.

Jibu la kwanza lilikuja baada ya siku tisa: adenokasinoma. Daktari wa saratani alituchorea kwenye karatasi ya nyuma ya faili. Saratani ya mapafu si moja. Kuna ukoo wa seli ndogo, kama asilimia 15 ya wagonjwa, unaokwenda mbio na kwa kawaida huwapata waliovuta sigara. Na kuna ukoo mwingine wenye karibu asilimia 85, ambamo mna adenokasinoma, na mna ile ya seli bapa, na nyingine. Vinyuzi vya Mama vilitiwa rangi maalumu maabara, ikiwamo moja inayoitwa TTF-1, inayosaidia kujua kama ugonjwa umeanzia pafuni au umetoka kwingine, tuseme kwenye titi. Ulikuwa wa pafuni.

Mimi na dada tulikuwa tumemvizia daktari huyu mlangoni kabla hajaingia, tukamwomba asimtajie Mama jina la ugonjwa. Tulishapanga tungeita "uvimbe." Ni mwanamke wa makamo, mfupi, anavaa raba. Akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitamwuliza mwenyewe anataka kujua kiasi gani." Basi. Akaingia, akavuta kiti akakigeuza kimwelekee Mama, sisi tukabaki ubavuni kama mizigo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Majibu yako ninayo. Kuna watu hupenda kuelezwa yote, na kuna wanaoniambia niongee na watoto wao. Wewe wataka vipi?"

Mama akafungua ushungi akaufunga upya, kazi yake anapotaka kufikiri. "Kifua ni changu. Ni kansa?"

"Ndiyo, Mama. Kansa ya pafu."

"Nilijua. Hawa ndio walikuwa hawajui."

Halafu akauliza swali ambalo sisi tuliliogopa zaidi: ni makaa? Daktari angeweza kusema ndiyo au la, amalize. Alisema kwa mtu mmoja hawezi kuthibitisha. Moshi wa kuni na makaa jikoni ni miongoni mwa vinavyotiliwa shaka kwa nguvu. Moshi wa dizeli na hewa chafu ya mjini vilishawekwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani, mwaka 2012 na 2013. Na wapo wanawake wasiovuta wanaopata adenokasinoma bila sababu inayoonekana. "Usijihukumu kwa mahamri," akamwambia. Mama akacheka, na kucheka kukaleta kikohozi.

Maji ya kifuani yalipotolewa tena yalikutwa na seli za ugonjwa, na hilo peke yake linaiweka saratani ya pafu hatua ya nne. Upasuaji hauna nafasi hapo. Hakutuahidi kuponya. Neno alilotumia ni kudhibiti, kama mtu anavyodhibiti sukari. Pia alikataa kutuuzia PET skeni, ile picha ya mwili mzima inayosaka saratani iliyojificha. Nilikuwa nimesoma habari zake, nikajua zipo Aga Khan na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, nikamwambia tutachanga. Akasema ile ina maana sana pale mnapofikiria kupasua, ili mjue hakuna kilichojificha. Kwa Mama hatua tayari inajulikana, pesa hizo ziende kwenye MRI ya kichwa na kwenye kipimo cha jeni. Hospitali inayokukataza kununua kitu, mimi naiandikia nyota hapo hapo.

Sasa, kipimo cha jeni. Wiki ile ile daktari wa kliniki nyingine, binafsi, aliyekuwa ameonyeshwa faili na shangazi, alisema kemo ianze Jumatatu. Nje ya geti vijana wa mashati yaliyopigwa pasi wanakupa kadi za hospitali za India na nauli tayari imepigwa hesabu. Jirani analeta majani ya mstafeli kwa ndoo. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, binamu aliye Doha anaandika kwa herufi kubwa kwamba siku hizi ni tiba ya kinga tu, zile dawa za kuamsha kinga ya mwili iishambulie saratani, kemo imepitwa na wakati. Wote wanasema: anza, anza, mnangoja nini?

Daktari wa raba akasema tungoje wiki tatu. Sababu zake nilizielewa kama fundi. Baadhi ya adenokasinoma, hasa za watu wasiovuta, huwa na hitilafu moja kwenye jeni iitwayo EGFR, kama swichi iliyokwama ikiwa imewashwa. Ikiwa hiyo ndiyo hitilafu, kuna tembe inayoizima swichi hiyo hiyo, na kwa mgonjwa kama huyo hufanya kazi kuliko kuanza na kemo. Ikiwa si EGFR, kuna nyingine za kutafuta, ALK na ROS1, nazo zina tembe zake. Zikikosekana zote, ndipo unaangalia kiasi cha PD-L1 kwenye uvimbe, protini inayoisaidia saratani kujificha mbele ya kinga ya mwili, uamue tiba ya kinga, yenyewe au pamoja na kemo. Ile tiba ya binamu wa Doha kumbe kwa wenye EGFR mara nyingi haisaidii sana, na ukitanguliza hiyo halafu ukaleta tembe baadaye, mapafu yanaweza kuwaka moto. Alisema pia, na hili ni muhimu, kwamba Mama angekuwa anazidiwa asingengoja, angeanza kemo huku majibu yakifuatwa. Lakini maji yalikuwa yametoka, anakula, anatembea mpaka chooni bila kushika ukuta. Tungoje.

Maabara ya hospitali haikuwa ikifanya kipimo hicho. Vinyuzi vyetu vilikuwa vimegandishwa ndani ya nta, donge dogo kwenye kikasha cha plastiki, na kumbe unaweza kuliomba, ukasaini kitabu, ukalipeleka mwenyewe maabara nyingine. Hakuna aliyetuambia tulipoanza. Ni sista mmoja aliyeninong'oneza. Nikatia saini, nikapewa bahasha ya kaki. Nikaitazama bahasha, nikaona haifai. Nilikuwa na boksi tupu la iPhone kwenye begi, lile lenye kitanda cha sponji. Donge likalala pale kama limetengenezewa. Nikapanda matatu ya Upper Hill, boksi mapajani, mikono miwili juu yake. Nimewahi kubeba simu za laki mbili mfukoni Gikomba siku ya soko bila jasho. Siku hiyo makanga alipoliinua boksi ili abiria apite, nilimshika mkono kwa nguvu akanitazama kama mwizi. "Kaka, ni simu tu!" Nikamwambia, "Si simu." Sikuweza kuendelea.

Maabara ikasema sehemu ya kazi itafanyiwa Afrika Kusini. Siku ishirini na mbili.

Katikati ya kungoja faili lilipelekwa kwenye kikao. Hili nalo sikulijua: mara moja kwa wiki daktari wa kifua, wa saratani, wa mionzi, mpasuaji, msoma picha na msoma nyama hukaa chumba kimoja wakapitia mgonjwa mmoja mmoja. Sisi hatuingii. Lakini mtu akitoka huko, dawa yake haikuamuliwa na kichwa kimoja kilichochoka saa kumi jioni. Ukienda mahali pa saratani, uliza kama wana kikao. Wakikutazama tu, ondoka.

Jibu: EGFR ipo. Karani wa maabara alinipa karatasi bila kujua kwa nini nimeketi chini kwenye ngazi.

Tembe zenyewe ziko vizazi. Ya kisasa ni osimertinib, miligramu 80 mara moja kwa siku, ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 2015. Daktari alinipa na hesabu zake: kwenye utafiti uliolinganisha, nusu ya waliopewa hiyo walikaa miezi 18.9 au zaidi kabla ugonjwa haujasonga, waliopewa za zamani miezi 10.2. Nikaenda dirisha la dawa kuuliza bei. Nikatajiwa. Nikauliza kama ni ya mwaka. Dada wa dawa akasema kwa huruma, "Ya mwezi." Tukaanza na gefitinib, ya zamani, miligramu 250, ile iliyotengenezwa India na yenye bei ya binadamu. Daktari hakutudharau kwa hilo. Alisema ndiyo wengi wanayoanza nayo hapa, na kwamba mlango wa ile nyingine haujafungwa.

Mfamasia wa kliniki hiyo nampa nyota nzima peke yake. Kabla ya kufungasha dawa alimwuliza Mama, "Unameza nini kingine?" Mama akasema si kitu. "Hata ya tumbo?" Ah, ya tumbo, ndiyo, omeprazole, kila asubuhi, mwaka wa sita. Kumbe gefitinib inahitaji asidi ya tumbo ili iingie mwilini, na omeprazole huiondoa asidi hiyo. Mama angekuwa anameza tembe ghali akizipitisha tu. Akauliza pia kuhusu dawa za TB. Zilikuwa zimeshasimamishwa baada ya kipimo cha pili cha makohozi na nyama yenyewe kutoonyesha TB, lakini akataka tarehe kamili, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hulifanya ini limalize gefitinib haraka mno. Mtu mmoja, maswali mawili, dakika nne. Miezi mitano ya mwanzo hakuna aliyetuuliza hata moja.

Nyota iliyopotea ilipotelea dirisha la bima. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, na kifurushi cha saratani wakati huo kilikuwa shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka, yaani 400,000 na nyongeza ya 150,000 kutoka mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Hayo yako wazi. Kilichotutesa ni karani wa hospitali mwenyewe. Alijaza fomu ya Mama "saratani ya matiti." Nadhani aliona ni mwanamke akamaliza. Ombi likarudi limekataliwa, na hakutuambia. Tulijua baada ya wiki tano nilipokwenda kuuliza kwa mara ya nne. Nikamwonyesha faili. Akasema, "Basi lete barua ya daktari." Barua ya daktari ilikuwa ukurasa wa juu wa faili alilokuwa ameshika. Tembe za miezi miwili tulizinunua kwa harambee ya msikitini na kwa simu tatu nilizoziuza bei ya hasara. Ukijaziwa fomu, soma neno kwa neno kabla hujaondoka dirishani, hata foleni ikikuzomea.

Na viti. Benchi za mbao zisizo na mgongo, kwa watu wenye ugonjwa wa kifua, kuanzia saa moja hadi saa saba. Hospitali ina skrini mbili za ukutani za kutangaza huduma zake. Wauze moja wanunue viti.

Ila benchi hilo limenifunza pia. Kuna mzee aliyeendesha malori ya Mombasa hadi Kampala, alivuta tangu ujana, wake ni ule ukoo wa seli ndogo. Uligunduliwa ukiwa bado upande mmoja wa kifua, kwa hiyo alipewa kemo ya etoposide na cisplatin pamoja na mionzi kwa wakati mmoja. Alikuwa akimeza uji kwa kijiko cha chai, koo limeungua, lakini anatembea mwenyewe. Kuna mwalimu aliyeanguka na pikipiki, wakampiga skeni ya mbavu wakakuta kiuvimbe cha sentimita mbili ambacho hakikuwa kimemuuma hata siku moja. Alikatwa sehemu moja ya pafu na sasa huja kwa picha tu. Yeye huketi mbali kidogo na sisi, kama mtu anayeona haya kwa bahati yake.

Tembe zilianza mwisho wa Oktoba. Kufikia Desemba kikohozi kilikuwa kimeisha, kabisa, mpaka nikawa naamka usiku kwa ajili ya ukimya. Machi uvimbe ulikuwa sentimita 1.8. Gharama yake mwilini: vipele vya usoni kama vya msichana wa darasa la nane, kuhara, kucha za miguu kuvimba pembeni. Sista wa huduma ya kupunguza maumivu, aliyewahi kufundishwa Nairobi Hospice, ndiye aliyemwambia kwamba pumzi ikikaba apeleke upepo wa feni ndogo usoni, karibu na pua. Nilidhani anamliwaza. Nikaleta feni ya kuchaji kutoka dukani kwangu, ya shilingi mia tano. Inafanya kazi. Mama hulala nayo.

Jiko sasa ni la gesi na ukuta umetobolewa dirisha. Anasema mahamri ya gesi hayaumuki vizuri. Si kweli, yanaumuka.

Oktoba 2025 skeni ilionyesha uvimbe umerudi kufika sentimita 2.6. Daktari alitutayarisha kwa hili tangu siku ya kwanza: saratani hujifunza dawa. Kwa karibu nusu au zaidi ya wanaotumia tembe za zamani, inajifunza kwa kubadilisha sehemu moja ya EGFR, badiliko liitwalo T790M, na hapo ndipo osimertinib huingia. Safari hii hakukuwa na sindano ya mbavu kwanza. Walichukua damu ya mkono, chupa mbili, watafute humo. Isipoonekana, tutarudi kwenye vinyuzi. Makaratasi ya kuomba dawa nimeyajaza mimi mwenyewe, na mahali pa ugonjwa nimeandika MAPAFU kwa herufi ambazo binamu wa Doha angezipenda.

Alhamisi iliyopita tulikwenda kuuliza majibu, hayajafika. Mama alikuwa amebeba ndoo ya mahamri yaliyofunikwa kitambaa. Akagawa: daktari, mfamasia, sista wa bahasha, mzee wa malori aliyechovya kwenye chai mpaka yakalainika, mwalimu kule mbali. Karani wa dirisha la bima akachungulia akauliza, "Na sisi je, Mama?" Mama akampa mawili. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo, na ningempa moja.